Kwa nini wafalme walifuga simba na kupelekeana tembo?

Msomaji mmoja ameandika: "Mtaalamu, naomba ufafanuzi. Nasoma kwamba wafalme wa kale walifuga simba na chui kasrini, wakapelekeana tembo na twiga kuvuka bahari, na kwamba Caligula wa Roma alimpa farasi wake cheo cha juu serikalini. Je, yote haya yalikuwa fahari tu, au wanyama hao waliwaongezea wafalme nguvu ya kutawala?"

Nguvu iliongezeka, ila kwa njia tofauti na ile ambayo wengi huidhania. Wengi hudhani mfalme alifuga simba ili awatishe watu. Lakini simba aliyefungwa mnyororo hatishi kwa muda mrefu; wakaao naye kasrini humzoea upesi. Kinachotisha ni kile kilichomleta pale. Kuna mtu aliyekaa kitini akatamka neno, na watu walio mbali naye, pengine wasiowahi hata kumwona, wakaingia porini, wakahatarisha roho zao, wakamnasa mnyama akiwa hai, wakamlisha njia nzima na kumfikisha akiwa mzima. Mnyama wa kasri alikuwa ushahidi kwamba amri ya mfalme inafika mbali na inatiiwa. Kwa hiyo, kila ninapokutana na habari ya mnyama wa kifalme huuliza mambo mawili: ni nani aliyekatazwa kuwa naye, na ni nani aliyelipa gharama zake.

Nianze na katazo. Kwenye kuta za kasri la Ashurbanipal huko Ninawi, mji mkuu wa Ashuru katika karne ya 7 KK, palichongwa picha za mawe za mfalme akiwinda simba. Leo ziko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ukizipitia haraka utaona mwindaji shujaa. Ukizitazama taratibu utaona simba wakifunguliwa kutoka vizimbani, askari wenye ngao na mbwa wakiwa wamezunguka uwanja ili simba asipenye, na watu waliopanda kilimani kutazama. Uwindaji wenyewe ni onyesho lililopangwa, na mchongaji hakuona aibu kuonyesha hata vizimba. Kwa macho yetu hilo linampunguzia mfalme ushujaa. Kwa watazamaji wa siku ile, nadhani, lilimwongezea, kwa sababu kila mtu aliyemo katika picha yuko pale ili mtu mmoja tu aue.

Ufalme wa Benin (ule uliokuwa katika eneo la Nigeria ya leo, usiuchanganye na Jamhuri ya Benin) uliligeuza katazo hili kuwa sheria ya uchumi. Mfalme wao, Oba, alifananishwa na chui: chui wa porini ni mfalme wa msitu, naye ni chui wa nyumbani. Palikuwa na chama maalumu cha wawindaji wa chui, na chui waliofugwa walitembezwa pamoja naye kwenye sherehe. Sasa tazama habari ya ndovu. Ndovu akiuawa, pembe moja ilikuwa ya Oba moja kwa moja, na ya pili Oba alikuwa na haki ya kuinunua kabla ya mtu mwingine yeyote. Wareno walipofika mwishoni mwa karne ya 15 wakitafuta pembe, walikuta mlango mmoja tu wa kubisha. Mtu aliyedhani zile pembe zilizonakshiwa kwenye madhabahu za mababu wa kifalme ni pambo la dini peke yake, hajaona upande wa hesabu.

Wafalme wa Kimughal nchini India nao walijua thamani ya katazo. Jahangir, aliyetawala kuanzia 1605 hadi 1627, aliwapa watawala wake wa majimbo ya mipakani orodha ya mambo wasiyoruhusiwa kuyafanya kwa kuwa ni ya mfalme peke yake. Mojawapo ni kukaa kwenye dirisha la kujionyesha kwa raia. Jingine ni kupiganisha tembo. Mambo haya mawili kuwekwa katika orodha moja hakunishangazi. Anayepiganisha tembo hadharani anawaonyesha watu kwamba ana uwezo wa kupoteza mnyama wa thamani kubwa kwa mchana mmoja, na liwali mwenye uwezo huo huanza kufanana na mfalme. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Kuhusu gharama, mfano ninaoupenda unatoka Uingereza. Mfalme Henry III alipokea chui watatu mwaka 1235 kutoka kwa Kaizari Frederick II, aliyekuwa akimwoa dada yake. Mwaka 1252 akapata dubu mweupe kutoka Norway, na mwaka 1255 tembo kutoka kwa mfalme wa Ufaransa. Wanyama hawa walikaa katika Mnara wa London. Dubu alifungwa kamba ndefu akawa anavua samaki katika mto Thames, jambo ambalo bila shaka liliwafurahisha wapita njia. Lakini mnyororo, kamba na chakula cha dubu yule, pamoja na banda la tembo, havikulipwa kutoka mfukoni mwa mfalme. Mfalme aliwaandikia maofisa wa jiji la London akawaamuru walipe wao. London ilikuwa na wafanyabiashara matajiri na wabishi, waliovutana na Henry kuhusu kodi miaka nenda miaka rudi. Kumlisha dubu wa mfalme kulikuwa kodi yenye miguu minne, na kila senti iliyotolewa ilikuwa kukubali kwamba yeye ndiye mwenye kuamuru. Tembo alikufa mwaka 1257. Mnara uliendelea kuweka wanyama hadi miaka ya 1830.

Sasa nije kwenye zawadi za kuvuka bahari, maana hapo ndipo swali lako linapokuwa tamu, na mfano mkubwa kuliko yote unagusa pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea Kaizari Yongle wa China twiga. Bengali haina twiga. Mnyama yule alikuwa ametoka Afrika. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wenyewe wakafika na twiga mwingine. Wachina walikuwa na masimulizi ya kale kuhusu qilin, kiumbe mpole mwenye kwato, asiyeumiza hata majani anayoyakanyaga, ambaye huonekana pale tu nchi inapotawaliwa na mfalme mwenye hekima. Watumishi wa kasri wakamtazama twiga, wakaamua huyu ndiye. Mwandishi wa kasri, Shen Du, akatunga utenzi wa sifa, nao ukaandikwa juu ya mchoro wa twiga ambao nakala zake zipo hadi leo.

Unaweza kucheka, lakini kumbuka Yongle alikuwa nani. Alikuwa ametwaa kiti mwaka 1402 baada ya vita dhidi ya mtoto wa kaka yake, aliyekuwa kaizari halali. Mtu wa namna hiyo ana upungufu mmoja ambao jeshi haliwezi kuuziba: hana baraka za mbinguni zinazoonekana. Ghafla baraka inatembea kwa miguu yake mwenyewe, ina shingo ndefu na madoa, na imetoka mwisho wa bahari. Mwaka 1414 maofisa walipoomba kumpongeza rasmi, Yongle alikataa, akisema kwamba utawala mwema hauhitaji qilin. Kukataa huko nako ni sehemu ya mchezo. Mfalme mwenye hekima hapaswi kuonekana anashangilia sifa zake. Twiga wa Malindi alipofika mwaka 1415, kaizari alitoka mwenyewe hadi langoni kumpokea.

Na Malindi ilipata nini? Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Malindi ilikuwa mbuga ya kuchukulia wanyama. Mimi naona mji mdogo uliojua kucheza karata ndogo mbele ya mkubwa. Mwaka 1417 msafara mwingine wa Zheng He, amiri wa merikebu za Yongle, uliondoka China kuwarudisha mabalozi wa nchi mbalimbali makwao, ukafika hadi pwani hii. Kwa thamani ya mnyama mmoja, Malindi ilipata merikebu za dola kubwa zikija kuitembelea. Miaka themanini baadaye, Vasco da Gama alipotoka Mombasa baada ya kuhitilafiana na wenyeji mwaka 1498, ni Malindi tena iliyomkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Tabia ya kutafuta rafiki wa mbali ili kujikinga na jirani wa karibu inaonekana wazi hapo. Waliokuwa na Vasco waliandika pia kwamba mfalme wa Malindi alikuja na wapiga siwa za pembe za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu. Siwa ilikuwa sauti ya enzi katika miji ya pwani. Ile ya Pate, ya pembe za ndovu, imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Ndovu mwenyewe hakuhitajika kuwapo barazani. Pembe yake ilitosha kuwaambia watu nani anaingia.

Usidhani kila zawadi ilifanya kazi. Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimpelekea Mfalme Charles X wa Ufaransa twiga jike aliyekamatwa akiwa mchanga nchini Sudan. Alivushwa Mediterania kwa merikebu iliyotobolewa sitaha ili shingo ipate nafasi, akashuka Marseille, na mwaka 1827 akatembezwa kwa miguu hadi Paris, karibu kilomita 900. Ng'ombe wa maziwa waliandamana naye kwa sababu maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula chake kikuu. Mwanasayansi mashuhuri Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, mwenye umri wa miaka 55 na ugonjwa wa baridi yabisi, alitembea pamoja naye njia nzima. Paris ilirukwa na akili: wanawake walifunga nywele juu kama pembe za twiga, na rangi na madoa yake yakaingia kwenye vitambaa.

Lengo la Muhammad Ali lilikuwa kuilainisha Ufaransa, kwa sababu wakati huo majeshi yake yalikuwa Ugiriki yakiisaidia dola ya Uthmaniya kuzima uasi. Twiga alipokelewa na mfalme mwezi Julai. Tarehe 20 Oktoba mwaka uleule, manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliteketeza zile za Misri na Uthmaniya huko Navarino, pwani ya Ugiriki. Charles X naye alipinduliwa mwaka 1830. Twiga akaendelea kuishi Paris hadi 1845, akiwa amemzidi kudumu mfalme aliyepewa.

Zawadi ya mnyama ilikuwa na sharti lake: aliyepewa naye awe mfalme, au afanane naye. Ndiyo maana Marekani ilipoanza kupokea zawadi hizi mambo yalivurugika. Mwaka 1840 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, ambaye alikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu 1833, alituma merikebu yake Sultana hadi New York. Miongoni mwa zawadi kwa Rais Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais akaeleza kwamba katiba haimruhusu kupokea zawadi kutoka kwa mtawala wa nje. Mwishowe Bunge lilikubali zipokewe kwa jina la serikali, zikauzwa. Mwaka mmoja kabla, konseli (yaani mwakilishi) wa Marekani mjini Tangier aliletewa simba dume na jike kutoka kwa Sultani wa Morocco. Alipokataa, mjumbe alimweleza kwamba kuwarudisha kungemgharimu kichwa chake, na kwamba ikibidi atawaachia barabarani mbele ya ofisi. Konseli aliwapa chumba. Nikisoma visa hivi viwili naona pande mbili zilizokosa lugha moja: kwa sultani, farasi bora ni heshima ya mtu kwa mtu, kwa jamhuri, ni mali ya umma isiyo na mahali pa kuwekwa.

Mpaka hapa nimezungumzia wanyama wa ajabu, kwa sababu ndio ulioniuliza. Lakini ungeniuliza ni mnyama gani aliyebeba utawala mabegani kweli kweli, ningemwacha simba nikakutajia ng'ombe.

Rwanda ya kifalme ndiyo shule yangu katika hili. Mwami, yaani mfalme, alikuwa na makundi ya inyambo, ng'ombe wenye pembe ndefu mno, waliochaguliwa kwa umbo na kuzoezwa kutembea kwa mwendo wa maringo mbele ya kasri. Walipambwa, wakatungiwa mashairi ya sifa, kila ng'ombe na jina lake, na makundi yao yalihusishwa na majeshi ya watu. Huo ndio uso wa sherehe. Nyuma yake kulikuwa na ubuhake, mkataba ambao mtu mwenye ng'ombe alimkabidhi mwingine ng'ombe, na yule akawa mtu wake: akamfanyia kazi, akamfuata safarini, akapata ulinzi wake. Aliyetoa aliweza kumnyang'anya. Maziwa unakunywa wewe, lakini ng'ombe anabaki kuwa neno la bwana lililosimama zizini kwako, na kila asubuhi unapomkama unakumbushwa. Hakuna simba wa kizimbani aliyewahi kuingia katika nyumba nyingi kiasi hicho. Mwami Mutara III Rudahigwa ndiye aliyeuondoa ubuhake, mwaka 1954.

Wazulu walilitatua jambo hilohilo kwa ngozi. Ngao kubwa za vita zilitengenezwa kwa ngozi za ng'ombe wa mfalme, zikahifadhiwa katika maboma yake, na rangi zake zilitofautisha kikosi kimoja na kingine. Askari hakuimiliki ngao yake, na alipoishika kila aliyemwona alijua yuko chini ya nani.

Wafalme wengine waliona ni rahisi zaidi kuwa mnyama wenyewe. Msafiri Mwingereza John Speke, alipokuwa katika kasri la Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862, alielezwa kwamba ule mwendo wa ajabu wa kabaka, wa kutupa miguu upande, ni mwendo wa simba. (Speke aliuona wa kuchekesha. Sidhani aliwaambia wenyeji wake.) Nchini Eswatini mfalme ni Ngwenyama, simba, na mama mfalme ni Ndlovukati, ndovu jike, hadi leo. Behanzin, mfalme wa Dahomey (katika Jamhuri ya Benin ya leo), alijichagulia samaki papa, na hapo ujumbe haukuwa wa fumbo sana: Wafaransa walikuwa wanakuja kutoka baharini. Waliuteka ufalme wake, wakachukua na sanamu yake yenye umbo la nusu mtu nusu papa, iliyorudishwa katika Jamhuri ya Benin mwaka 2021 pamoja na vitu vingine 25. Haile Selassie, aliyejiita Simba wa Yuda, aliwafuga simba halisi Addis Ababa, asije mtu akasahau.

Kuna hatari katika mambo haya ambayo vitabu vya sifa haviitaji: ukishasema mnyama fulani ni dalili ya enzi yako, umemwonyesha adui cha kukudai. Katika Siam (Thailand ya leo) na Burma (Myanmar ya leo) tembo mweupe alikuwa alama ya mfalme mwadilifu. Mfalme Maha Chakkraphat wa Ayutthaya, ufalme wa Siam, alikuwa na kadhaa. Bayinnaung wa Burma akaomba wawili. Kumpa ni kukiri kwamba yeye ni mkubwa. Kumnyima ni vita. Alimnyima, vita vikaja mwaka 1563, na Ayutthaya iliposhindwa ilitoa tembo hao pamoja na mengine mengi. Bayinnaung bila shaka alitaka vita kwa sababu zake nyingine, lakini tembo ndio waliompa swali lisilo na jibu salama. Kwa sababu hiyo siamini ile hadithi maarufu kwamba wafalme wa Siam walikuwa wakiwagawia maofisa waliowachukia tembo weupe ili wafilisike kwa kuwalisha. Mtu anayekwenda vitani kwa ajili ya tembo hamgawi kama adhabu.

Nimebakiza farasi wa Caligula. Jina lake lilikuwa Incitatus. Suetonius, mwandishi wa Kirumi aliyeandika takriban miaka 80 baada ya Caligula kuuawa mwaka 41, anasema farasi huyo alikuwa na zizi la marumaru, hori la pembe za ndovu, matandiko ya zambarau na watumwa wake. Kisha anaongeza kwamba yasemekana Caligula alikusudia kumfanya konseli, yaani mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma. Yasemekana, na alikusudia. Cheo hakikutolewa. Wanahistoria wengi leo wanaona kwamba, kama maneno hayo yalitamkwa, yalikuwa dhihaka kwa maseneta: kazi yenu hata farasi wangu anaiweza. Maseneta walielewa vizuri, na walioandika historia yake baadaye walikuwa watu wa tabaka lao au marafiki wa tabaka hilo. Ndiyo maana kejeli ikabadilika kuwa ushahidi wa kichaa, nawe umeipokea kwa umbo hilo karibu miaka 2000 baadaye.